Chumba Nilichokiona Mchana

Chumba changu cha kwanza pale Njokerio nilikiona saa saba mchana, jua likiwaka, mlango uko wazi na sakafu imetoka kupigwa deki. Ndiyo maana nilikipenda. Ningekiona saa mbili usiku siku ya mvua, au alfajiri moja ya mwezi wa Julai, nisingetoa hata shilingi.

Njokerio ni mtaa uliojibana nje ya geti la Chuo Kikuu cha Egerton, huko Njoro, yapata kilomita 25 kutoka Nakuru mjini. Mtu wa mbali akisikia Nakuru hufikiria ziwa, heroe na joto la bondeni. Njoro ni kwingine kabisa. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, upepo unateremka kutoka milima ya Mau, na ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu yumo ndani ya sweta. Chuo chenyewe kilianza mwaka wa 1939 kikiwa shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu mwaka wa 1987, na mtaa umeota pembeni yake kidogo kidogo: kwanza nyumba za mbao, kisha za mawe, sasa magorofa. Karibu kila chumba kimejengwa kwa kumlenga mwanafunzi. Kwa hiyo kalenda ya chuo ndiyo kalenda ya kodi, na hilo ningelijua mapema lingeniokolea pesa nyingi.

Nilifika Septemba 2018 na baba, tukitoka Bungoma kwa basi la usiku. Kitanda cha hosteli ya ndani nilikuwa nimekikosa kwa kuchelewa kuomba. Kosa hilo lilikuwa langu. Kijana wa mwaka wa tatu akajitolea kutuzungusha kwa shilingi 300. Baadaye nikagundua kwamba ukiuliza kwenye duka lolote, au kwa mama mboga, utaelekezwa vyumba vilivyo wazi bure, na utaambiwa pia ni ploti gani, yaani ua gani wa vyumba vya kupanga, watu hawakai muhula wa pili. Yule kijana hakutuambia hayo ya pili.

Baba alimuuliza swali moja tu: "Kijana, maji ya hapa yanatoka wapi?"

"Maji yapo, mzee. Kila siku yapo."

Baba aliuliza yanatoka wapi, akajibiwa kwamba yapo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupima kwa macho pahali pa kuweka kitanda. Nikasema hapa panatosha.

Kodi ilikuwa shilingi 2,500 kwa mwezi, na dipositi ya kiasi hicho hicho. Mwenye ploti, mzee mmoja aliyeishi Nakuru mjini, alitumiwa pesa kwa simu. Hakukuwa na karatasi. "Ujumbe wa simu ndio risiti," alisema, na kweli ni risiti, lakini inaonyesha tu kwamba pesa zimetoka kwako zikaenda kwake. Haisemi ni za nini. Haisemi chumba kilikuwaje ulipoingia. Maneno hayo mawili yaliyokosekana nilikuja kuyalipia miaka miwili baadaye.

Nyumba ilikuwa ya mbao, na ndani ilikuwa imezibwa kwa katoni na magazeti ya zamani. Usiku wa kwanza nilielewa kwa nini. Upepo ulipita kati ya mbao, magazeti yakawa yanapumua. Nilimsikia jirani akikohoa, akigeuka, akizima taa. Siku ya tatu mvua ikanyesha, na njia ya kutoka ploti hadi barabarani ikageuka tope la kunata linalong'oa kiatu mguuni. Wenyeji walikuwa na gambuti, mimi nilikuwa na raba nyeupe alizoninunulia mama.

Baridi na tope mtu huzoea. Jambo lililonishughulisha zaidi, na ambalo bado nalisema kwa kila anayeniuliza kuhusu kupanga Njoro, ni maji.

Maji ya ploti yetu yalitoka kwenye kisima kirefu cha pampu. Yalikuwa safi kama kioo. Lakini jirani yangu wa mlango wa pili, dada mmoja aliyekuwa akisoma huku analea mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hakuwa akimpikia mtoto uji kwa maji yale. Alinunua mtungi wa lita 20 wa maji ya mvua kutoka kwa ploti nyingine. Nikamuuliza kwa nini anajichosha, na mfereji uko pale. Akanionyesha watoto waliokuwa wakicheza barabarani. "Waangalie wakicheka," akasema.

Meno yao yalikuwa na madoa ya kahawia.

Ni floridi. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa inayo kwa wingi, na maji yanayokaa chini sana ya ardhi hutoka nayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande huu wa Nakuru hupita hapo. Wanafunzi wengi huogopa kwamba meno yao yatabadilika rangi wakikaa miaka minne. Hayabadiliki, kwa sababu madoa hutokea wakati jino linajengeka ndani ya ufizi, yaani utotoni, takriban hadi umri wa miaka minane. Anayeumia ni yule mtoto wa dada wa mlango wa pili. Kwa mtu mzima hatari iko kwenye mifupa, na hiyo ni ya mtu anayeyanywa kwa miaka mingi mfululizo. Wako wanafunzi wenye watoto, na bado hakuna ajenti wa vyumba anayewaambia jambo hili.

Na watu hufanya kosa moja kwa nia njema: wanachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haiendi popote. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, floridi inabaki yote, kwa hiyo unaishia kunywa maji yenye floridi nyingi zaidi. Kinachosaidia ni maji ya mvua, ambayo hayajapita kwenye miamba, au chujio la mkaa wa mifupa ya wanyama, ambalo hapa Nakuru si kitu kigeni. Basi swali la baba lilikuwa ndilo swali. Uliza maji yanatoka wapi, na usikubali jibu la kwamba yapo.

Stima nayo ilikuwa na mambo yake. Ploti nzima, vyumba 12, ilitumia mita moja. Kila chumba kilichanga 200 kwa mwezi. Anayetumia balbu moja analipa sawa na anayepika maharagwe kwa koili saa tatu. Koili zilikatazwa, kwa hiyo zilitumika usiku, na usiku huo huo swichi kuu ilikuwa inaanguka na sote tunabaki gizani siku ya kuamkia mtihani. Kulikuwa na ugomvi mwingi, na hakuna aliyekuwa mbaya kwa tabia. Mpango wenyewe ndio uliokuwa mbaya. Nilipohama nilitafuta chumba chenye mita yake ya tokeni, yaani stima ya kulipia kabla ya kutumia. Na hata hapo kuna la kuangalia: nunua tokeni ya shilingi 50 au 100 kabla hujalipa dipositi, ingiza, uone unapata yuniti ngapi. Mita nyingine huwa zina deni la nyuma linalokatwa kidogo kidogo kila unaponunua, na wewe mgeni ndiwe unayelibeba.

Sasa nije kwa jambo ambalo siwezi kulipitia haraka.

Julai 2019, usiku wa baridi kali, kijana wa chumba cha mwisho aliingiza jiko la makaa ndani. Alikuwa amepika nje, makaa yakabaki mekundu bila moshi, akaona ni hasara kuyamwaga. Akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa blanketi, akalala. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa ameahidi kumwamsha rafiki yake saa kumi na moja asubuhi, na rafiki alipoona kimya akaja kugonga. Tuligonga sote. Mlango wa mbao ulivunjika kwa bega la tatu. Tulimtoa nje kwenye umande, hajitambui, anapumua kama mtu anayevuta kitu kizito. Alipelekwa hospitali, akapona baada ya siku kadhaa, lakini sauti ya mlango ule kuvunjika bado ninayo.

Makaa yasiyo na moshi ndiyo yenye hatari kuliko yote, kwa sababu hewa ya sumu yanayoitoa, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Unahisi usingizi, na unadhani ni usingizi. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba ya Bungoma ambako jikoni ni kibanda cha pekee chenye upenyo juu ya ukuta. Sikuwahi kufundishwa hili kwa sababu halikuhitajika. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, ambamo kitanda, jiko na vitabu vyote viko pamoja, linahitajika kuliko mtaala wowote. Tangu siku hiyo, chumba ambacho hakina dirisha linalofunguka au matundu ya hewa juu ya ukuta sikihesabu kuwa chumba. Baridi inatibiwa kwa blanketi la pili.

Machi 2020 ilitukuta hapo. Jumapili tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa masomo kwa ajili ya korona, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa. Siku tano zile Njokerio ilikuwa kama stendi ya basi siku ya kuamkia Krismasi. Nilibeba begi moja. Godoro, mtungi wa gesi, meza, sufuria na vitabu nikaviacha, kwa kuwa tuliambiana ni mwezi mmoja tu.

Aprili mzee akapiga simu. Sikushika. Mei akapiga mara tatu, sikushika. Baba alikuwa amesimamishwa kazi, nyumbani tulikuwa tunakula kwa mpango, na mimi sikuwa na la kumwambia yule mzee. Niliona aibu, na aibu ikanifanya nifanye kitu cha aibu zaidi. Juni, dada wa mlango wa pili, ambaye alikuwa amebaki Njoro, akaniandikia kwamba vyumba vitano vimefungwa kwa kufuli la mwenye ploti, changu kimojawapo, na viwili vimekwisha kufunguliwa, vitu vikatiwa ndani ya magunia na kuwekwa stoo inayovuja.

Hapo nikapiga simu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisitetemeke.

"Habari yako mzee. Ni mimi wa chumba namba nne."

Akanyamaza kidogo. "Binti yangu, ungenishikia simu tu. Mimi nina mkopo wa benki kwa hizo nyumba, na benki hainingoji. Lakini mtu akiniambia, tunaongea. Asiponiambia nafikiri ametoroka."

Tukakubaliana nitume 1,000 kila mwezi mpaka chuo kifunguliwe, na iliyobaki isiwe deni. Nilimwomba aniandikie hivyo kwa ujumbe wa simu, akaandika. Ule ujumbe ulinifaa sana Januari 2021 niliporudi, kwa sababu alikuwa amesahau nusu ya makubaliano yetu, na nilipomwonyesha hakubisha.

Wale wa magunia hawakuwa na la kuonyesha. Nilisikitika kwa ajili yao, na kuna jambo ambalo hawakulijua wala mimi sikulijua wakati ule. Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inayohusu nyumba za makazi za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani mno na kinaziacha nje nyumba nyingi za leo, lakini vyumba vyetu vya mbao vilikuwa ndani yake. Kwa nyumba za namna hiyo mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya baraza la kodi. Na kushika mali ya mtu kwa deni la kodi, nyumba iwe ya bei gani, ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni. Haifanywi na mwenye ploti na mpwa wake wakiwa na magunia. Rafiki aliyekuwa akisomea sheria ndiye aliyenifafanulia haya, na nilitamani ningeyajua mwezi wa Juni, nikayapeleka kwa dada wa mlango wa pili ayaseme kwa sauti pale kwenye ua.

Nilipohama mwezi huo wa Januari, mzee alikataa kurudisha dipositi. Alisema rangi imeharibika na bawaba mbili za mlango zimelegea. Bawaba zilikuwa zimelegea tangu siku niliyoingia na baba, baba mwenyewe aliziangalia akasema zitahitaji misumari. Lakini nani angesema hivyo mbele ya mzee? Sikuwa na picha, sikuwa na karatasi. Rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambako mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Dipositi ni pesa yako iliyoshikwa na mtu mwingine, kwa hiyo ni dai la pale. Ni njia nzuri kwa mwenye ushahidi. Mimi nilienda kwa mzee nyumbani kwake, tukaongea chini ya mti wa parachichi, akanirudishia 1,000. Nikakubali, na sikuondoka nikiwa na amani.

Ploti ya pili ilikuwa upande wa mtoni, karibu na Mto Njoro unaotoka Mau kuelekea Ziwa Nakuru. Ilikuwa ya bibi mmoja aliyepita miaka sabini, ambaye mtaa mzima ulimwita Shosho. Vyumba 14 vya mawe, kila kimoja na mita yake, na tangi la maji ya mvua la lita 10,000 lililofungwa kwa kufuli. Bedsita, yaani chumba kimoja cha kujitegemea, ilikuwa 4,500, ghali kwangu. Lakini Shosho alikuwa ameanza kuona kwa shida, daftari lake la kodi lilikuwa limechanganyikana, na mwanawe aliyekuwa akilishika alikuwa amepata kazi Eldoret. Akanikubalia nilipe 2,500 nikimsimamia ploti: kuandika kodi, kufungua tangi asubuhi na jioni, kuita fundi.

Mwaka na nusu niliokaa na lile daftari ulinibadilisha kuliko muhula wowote darasani. Kabla ya hapo nilidhani mwenye nyumba ni mtu anayekaa tu pesa zikimjia. Nikaona vyumba vitatu vikihamwa usiku ndani ya mwaka mmoja, godoro likipakiwa kwenye boda boda saa tisa usiku, na deni la miezi mitatu mitatu likibaki ukutani pamoja na misumari. Dipositi ya mwezi mmoja haifiki hapo. Nikaona shimo la choo likijaa kila baada ya miezi michache, na lori la kunyonya likimdai Shosho shilingi 7,000 siku ambayo nusu ya wapangaji wanasema mkopo wa serikali haujaingia. Nikaona mwezi wa Mei, wanafunzi wanapoenda likizo ndefu, ploti ya vyumba 14 ikibaki na watu watatu.

Likizo hiyo ndefu ndiyo inayoleta chuki nyingi kuliko jambo lolote Njokerio. Mwanafunzi anasema: siishi humo, nilipe ya nini? Mwenye ploti anasema: vitu vyako vimo, nimweke nani? Wote wana haki. Shosho alikuwa na utaratibu wake wa miaka mingi: anayetaka kukuta chumba chake analipa nusu kodi, anayeshindwa anatoa vitu na kuviweka stoo yake bure, kila gunia lina jina. Kizuri ni kwamba alisema hivyo siku ya kuingia, Septemba, Mei ikiwa mbali na hakuna mwenye hasira. Ploti nyingine walisema siku ya kuondoka, watu wakiwa na mabegi mgongoni, na ndipo ngumi ziliporushwa.

Nilipoanza, nilimwomba Shosho kitu kimoja kwa sababu ya zile bawaba zangu. Nilinunua daftari gumu la kurasa 96. Kila chumba kikapewa kurasa zake. Mpangaji akiingia, tunazunguka pamoja: vioo vya dirisha vingapi na vipi vina ufa, soketi ipi inafanya kazi, kitasa, mfereji, sinki, rangi ya ukuta, balbu. Ninaandika, anasoma, tunatia sahihi wote watatu. Kisha tunapiga picha kwa simu na kutumiana siku hiyo hiyo, ili tarehe ikae. Inachukua dakika 20. Wengine walikuwa na haraka wakasema "ni sawa tu, andika chochote." Niliwakatalia. Mwaka wa kwanza nikiwa mgeni nami ningesema vivyo hivyo.

Shosho mwanzoni alidhani ninamtengenezea kesi. "Karatasi nyingi ni za watu wasioaminiana," aliniambia. Nikamweleza habari za mzee wa Nakuru, na kwamba naamini hata leo yeye hakuwa mwongo. Alikuwa na nyumba nyingi na kumbukumbu moja. Akafikiri siku mbili, kisha akaniita: "Andika na sufuria niliyompa yule wa namba sita. Naye atasema ni yake."

Kuna mambo mengine niliyoona kwa kukaa tu pale. Mtu anayeuliza chumba saa mbili usiku nilimheshimu, kwa kuwa alikuwa amekuja kuipima njia. Vyumba vya bei nafuu kuelekea mtoni vina kichochoro kirefu kisicho na taa, na msichana wa chumba namba tatu alinyang'anywa laptopu hapo akitoka maktaba. Tukaanza kungojana geti la chuo na kutembea kwa kikundi. Nilijifunza pia kuuliza nani anaishi ndani ya ploti. Ploti ambayo mwenyewe yuko mbali na hakuna msimamizi, mfereji ukipasuka Ijumaa utafungwa Jumatano. Na majirani: pita Jumamosi usiku usikilize, kwa sababu Jumanne kila ploti ni kanisa.

Nilimaliza Septemba 2022. Mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimevunja kioo cha dirisha nikisogeza kitanda. Nilikiandika mwenyewe kwenye ukurasa wangu, chumba namba tisa, na tarehe, kwa wino ule ule niliowaandikia wengine. Siku ya kurudisha ufunguo Shosho alikaa kwenye kiti chake mlangoni, akanitaka nimsomee ukurasa wote. Nikamsomea. Soketi mbili, nzima. Kitasa, kizima. Mfereji wa sinki unadondoka, ulikuwa unadondoka. Kioo kimoja, kimevunjwa na mpangaji.

"Fundi atataka ngapi?"

"Mia tatu na hamsini, Shosho. Nilimuuliza."

Dipositi yangu ilikuwa 4,500. Akafungua kitambaa, akahesabu 4,150 noti kwa noti, akiinua kila moja karibu na jicho, kisha akaniambia nihesabu tena mbele yake. Nikatia sahihi, naye akaweka kidole gumba kwenye wino.

Mama mmoja na mwanawe wa mwaka wa kwanza walikuwa wamesimama kando wakingoja chumba hicho. Mama alikuwa akitazama juu kwenye paa, akitazama mfereji, na akauliza maji yanatoka wapi. Shosho akamnyooshea kidole kwenye tangi. "Yale ya kunywa ni ya mvua, ya hapo. Haya ya mfereji ni ya kisima, ni ya kufua na kuoga. Una mtoto mdogo?"

"Yuko nyumbani, anakuja wakati wa likizo."

"Basi akija nitakupa mtungi wake."